Isnadi ya Jembe: Walimu wa Machakos Wasio na Shahada

Kyumbi ni jina ambalo wasafiri wetu wa Pwani hulisikia wakiwa nusu usingizini. Basi la usiku litokalo Mombasa likishazipita Emali, Sultan Hamud, Salama na Malili, hufika njia panda yenye maduka na vibanda vya chai. Mkono wa kulia barabara yaingia Machakos mjini. Mbele ni Athi River, kisha Nairobi. Kondakta hupiga kelele, watu wawili watatu hushuka na mizigo yao, na basi huondoka. Tangu treni ya Madaraka ianze safari zake mwaka 2017, wengi wetu hata hilo jina hatulisikii tena.

Lakini wako watu wengine ambao kwa miaka mingi walikuwa wakikata kona hapo, nao hawakuwa wakienda kuamkia jamaa. Walikuwa maprofesa na wanafunzi wa shahada za juu, kutoka Nairobi, Uingereza, Marekani na Uswidi, wenye madaftari na kamera, wakienda kutazama mitaro na matuta ya Wakamba. Walichokiona huko kikaandikiwa vitabu, na vitabu hivyo vikasomeshwa chini ya lile somo ambalo leo laitwa maendeleo endelevu. Yaani kuishi na ardhi na maji na miti kwa namna ambayo wajukuu nao watakuta kitu.

Siku hizi somo hilo lina shahada yake ya uzamili, na vyuo vinavyolisomesha huko ng'ambo hujinadi kwamba walimu wao si watu wa vitabu vitupu. Ni watu walioifanya kazi yenyewe: huyu amechimba visima, huyu ameongoza chama cha wakulima, yule amegawa chakula wakati wa njaa. Kwa hilo wamepatia. Swali langu ni moja tu. Ikiwa sifa ya mwalimu ni kuifanya kazi, mbona wale walioifanya mwanzo hawamo katika orodha ya walimu?

MWALIMU WA CHUONI NA MWALIMU WA CHOMBONI

Sisi watu wa Pwani tusingehitaji kufunzwa jambo hili na mtu. Neno mwalimu tumelipata kwa Waarabu, nalo katika bahari yetu hii lilikuwa na watu wawili. Mmoja ni yule tuliyekaa mbele yake chuoni, sote tumekunja miguu juu ya jamvi, kila mtu na juzuu yake. Wa pili alikuwa chomboni: mjuzi wa nyota, pepo, miamba na milango ya bandari, ambaye bila yeye nahodha hakuthubutu kung'oa nanga kwenda mbali. Ahmad bin Majid, bingwa wa karne ya 15 aliyetunga vitabu vya uongozi wa vyombo, alitajwa kwa cheo hicho hicho. Mwalimu wa namna hiyo cheti chake kilikuwa safari zake: amefika wapi, na amerudi na chombo kizima.

Na huko chuoni nako mambo hayakuwa ya kujisemea. Mtu akitaka kusomesha kitabu cha fiqhi au cha hadithi, hatosheki kwa kuwa amekisoma peke yake chumbani. Hutazamwa amekisoma kwa nani, na huyo naye kwa nani, mpaka mnyororo ufike kwa mtunzi. Ndipo hupewa ijaza. Katika elimu ya hadithi mnyororo huo ndio isnadi. Akikosekana mtu mmoja katikati, wanazuoni huitia hadithi kasoro hata yakiwa maneno yake ni mazuri namna gani.

Kuna kisa ambacho kila aliyepita katika darasa la hadithi amekisikia, nacho kimo katika Sahihi ya Imamu Muslim. Mtume, rehema na amani zimfikie, aliwakuta watu wa Madina wakiipandisha mitende, yaani kutia chavua ya mtende dume katika jike. Akawaambia kwa dhana yake kwamba huenda wasipofanya hivyo itakuwa bora. Wakaacha, na mwaka ule tende zikapungua. Walipomweleza, hakuwakemea wala hakutafuta udhuru. Aliwaambia kwamba mambo ya dunia yao wao wenyewe ndio wajuzi zaidi. Mimi sioni maneno mazito kuliko hayo juu ya heshima ya mkulima mbele ya mwenye elimu, na yamesemwa na aliye juu ya wenye elimu wote.

Hebu basi na tuishike isnadi ya hiki kinachosomeshwa katika vyuo vikuu, tuifuate mpaka ilikoanzia.

MWAKA WA NG'OMBE

Katika miaka ya 1930 Machakos ilikuwa ni habari mbaya. Colin Maher, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeshughulikia hifadhi ya udongo, aliandika ripoti yake mwaka 1937 akiieleza nchi ile kama mgonjwa wa kukatiwa tamaa: milima imekwanguliwa, mifereji imechimbika, majani yamekwisha. Dawa iliyotolewa na serikali ilikuwa kupunguza ng'ombe. Mwaka 1938 wakaanza kukamatwa kwa nguvu na kunadiwa kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwa pale Athi River, tayari kuwapokea.

Wakamba hawakukubali. Wakiongozwa na Muindi Mbingu wa Ukamba Members Association, wanaume, wanawake na watoto walikwenda Nairobi kwa miguu, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa, wakisema hawaondoki mpaka wamwone gavana. Mbingu akakamatwa, akahamishwa mbali na watu wake. Alipelekwa Lamu. Kwa hivyo kisiwa chetu nacho kina fungu lake katika kisa hiki, ingawa ni fungu la gereza. Serikali ikalegea, na ile amri ya ng'ombe ikaachwa.

Tusiwadhulumu wale maofisa. Hawakusema uwongo juu ya udongo. Mmomonyoko ulikuwapo, na picha zao zauonyesha. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba mwenye ardhi ni kipofu, na kwamba elimu ni kitu kinachoteremka kutoka ofisini kwenda shambani, wala hakipandi.

FANYA JUU

Baada ya vita vya 1939 mpaka 1945 yalikuja matuta. Mwanzo yalikuja kwa amri: chifu aliita, watu walichimba, asiyekuja alitozwa faini. Yalikuwa matuta membamba ya haraka, na mengi yao yalisombwa na mvua kubwa za mwanzo. Wakulima wenyewe wakapendelea namna nyingine, yenye jasho zaidi. Miongoni mwao walikuwamo askari wa zamani wa KAR waliofika India wakati wa vita, wakaona jinsi wakulima wa huko wanavyoukata mlima ngazi ngazi.

Namna yenyewe ni hii. Unachimba mtaro unaoukata mteremko kwa usawa, kutoka pembe hii ya shamba mpaka ile. Udongo unaotoka huutupi bondeni. Unautupa juu ya mtaro, upande wa mlimani, ukawa ukingo. Ukingo huo unapandwa majani yenye mizizi ya kushika, ambayo ng'ombe nao watakula. Mvua ikinyesha, maji na udongo unaoteremka hukwama nyuma ya ukingo. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Mwaka wa tano, wa kumi, shamba limejisawazisha lenyewe na mlima umekuwa ngazi.

Jina lake ni fanya juu. Ukitupa udongo chini ya mtaro, hiyo ni fanya chini. Msomaji ataona kwamba si Kikamba wala si Kiingereza. Ni Kiswahili cha kazi, kile cha bwana shamba na vibarua, kisichokuwa na aya wala vina. Na neno hilo limeingia katika vitabu vya wahandisi wa udongo likiwa zima, bila ya kutafsiriwa. Ethiopia wanalichimba, na wanafunzi wa ng'ambo hulitamka kwa ulimi mzito wanapojibu mtihani. Sisi washairi na wanakamati wa lugha tunakesha tukibuni istilahi, nyingi zinafia katika kamusi. Hili limezaliwa mtaroni, likavuka mipaka bila ya pasipoti.

Nani aliyechimba? Wengi walikuwa wanawake. Waume walikuwa Nairobi, walikuwa Mombasa bandarini, walikuwa katika jeshi na polisi na reli. Wanawake walichimba kwa mwethya, ambayo ni desturi ya Wakamba ya majirani kuitana, leo shambani kwa huyu, kesho kwa yule, kwa nyimbo na kwa chakula cha mwenye shamba. Wagiriama wetu wanayo mweria. Waswahili wa zamani walifanya kikoa. Katika miaka ya 1950 serikali iliigeuza mwethya kuwa chombo cha kuchimbia matuta, na uhuru ulipokuja mwaka 1963 watu walipumzika kidogo na majembe, maana kazi ya kulazimishwa haina ladha hata ikiwa na faida. Lakini haukupita muda mrefu wakayarudia wenyewe, safari hii kwa hiari, kila mtu katika shamba lake. Mwaka 1974 Uswidi ilianza kusaidia mpango wa taifa wa kuhifadhi udongo. Mwaka 1978 ulianza mradi mkubwa wa wilaya uliolipiwa na nchi za Ulaya. Misaada hiyo ilifaa. Hata hivyo, jasho na sehemu kubwa ya fedha vilikuwa vya wenyewe: mshahara uliotumwa kutoka mjini, mauzo ya kahawa, machungwa na mboga.

Mwaka 1994 kikatoka kitabu cha watafiti watatu: Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Walichukua picha za miaka ya 1930, wakasimama mahali pale pale zilipopigwa, wakapiga nyingine. Idadi ya watu wa Machakos ya zamani, kabla Makueni haijakatwa kuwa wilaya mwaka 1992, ilikuwa imepanda kutoka kiasi cha 240,000 mwaka 1932 hadi karibu 1,400,000 mwaka 1989. Kwa hesabu ya wataalamu wa kale nchi hiyo ilipaswa kuwa jangwa. Badala yake miti ilikuwa mingi zaidi, udongo ulikuwa umeshikwa, na mavuno kwa kila kichwa yalikuwa yamepanda. Tangu hapo jina la Machakos limekuwa kama msamiati katika madarasa ya shahada za juu. Anayesema watu wakizidi nchi huharibika, hujibiwa: Je, na Machakos?

VIJITI, MAWE NA MBEGU

Kisa cha pili ni cha mwaka 1988, katika mahali paitwapo Mbusanyi, katika wilaya hiyo hiyo. Mwaka uliotangulia ilikuwa imetoka ripoti ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Bi Gro Harlem Brundtland wa Norway, akisaidiwa na Mansour Khalid wa Sudan, ripoti iliyolieneza neno la maendeleo endelevu duniani kote. Kila serikali ilikuwa ikitafuta namna ya kulitia vitendoni.

Idara ya serikali ya Kenya iliyohusika na mazingira, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Clark cha Marekani, ilituma watu wake Mbusanyi. Badala ya kuwatolea wanakijiji karatasi za maswali, waliwaomba wawafundishe. Walitembea nao kutoka bondeni mpaka mlimani wakihesabu kila kinachobadilika njiani. Waliwaomba wazee wasimulie miaka ya njaa na miaka ya neema. Walitengeneza kalenda ya mwaka: mvua lini, kazi nyingi lini, magonjwa lini, ghala tupu lini. Matatizo yakapangwa kwa daraja, lipi la kwanza, lipi la pili, na mwezi wa Septemba kijiji kikawa na mpango wake. Charity Kabutha na Richard Ford waliandika taarifa ya kazi hiyo.

Mwaka huo huo, kule Gujarat, watu wa mradi wa vijijini wa Aga Khan walikuwa wakifanya jambo linalofanana na hilo. Kutokana na vyanzo hivyo viwili njia hiyo ilienea katika nchi nyingi, kijiji kikichora ramani yake mchangani kwa vijiti, mawe na mbegu, na sasa ni somo linalojitegemea. Wanafunzi wa uzamili hulitahiniwa. Mvuvi wetu wa Shela au wa Vanga atacheka akisikia kwamba kalenda ya majira ni ugunduzi. Yeye kaskazi na kusi amezihesabu tangu utotoni, na anajua mwezi gani wa mchirizi wa nyumba na mwezi gani wa mshipi. Lakini asicheke sana. Lililokuwa jipya halikuwa kalenda. Lilikuwa ni msomi kukaa chini na kuisikiliza.

LAMI YA KYUMBI

Aliyeieneza njia hiyo kuliko wote ni Robert Chambers, na maisha yake yanatuhusu. Hakuanzia darasani. Alikuwa ofisa wa wilaya katika Kenya ya kikoloni, huko Samburu, kisha akasomesha maofisa katika chuo cha utawala cha Kabete, ndipo baadaye akawa mwalimu katika taasisi ya maendeleo ya Sussex, Uingereza. Katika kitabu chake cha mwaka 1983 aliwafichua wale aliowaita watalii wa maendeleo: wataalamu wanaotoka mjini asubuhi kwa gari, wakaenda mpaka lami inapoishia na wasipite hapo, wakati wa kiangazi njia zikiwa kavu, wakaonana na chifu na wenye Kiingereza, wakaonyeshwa mradi uliopambwa, wakarudi jioni na ripoti. Mnyonge wa kweli yuko nyuma ya mlima, naye hawakumwona.

Ukiyashika maneno hayo na kusimama Kyumbi, utaona jambo ambalo wapenzi wa Machakos hawalitaji sana. Machakos ilipata kuwa darasa la dunia kwa sababu ya matuta yake, ndiyo. Lakini pia kwa sababu ni karibu. Profesa aliweza kunywa chai ya asubuhi Nairobi, akakata kona Kyumbi, akatazama matuta, akarudi kwa chakula cha usiku. Wapokomo wa mto Tana wamelima kwa kufuata mafuriko vizazi na vizazi. Waboni wanaujua msitu wao mti kwa mti. Elimu yao si haba kuliko ya fanya juu. Lakini kwao hakuna lami ya saa moja, na msitu hauendi kumtafuta profesa.

MNYORORO ULIOKATIKA

Sasa tuitazame isnadi. Mwanafunzi wa uzamili katika Marekani ameipata elimu hii kwa mwalimu wake. Mwalimu wake ameipata kwa kitabu cha Tiffen na wenzake, au kwa Kabutha na Ford, au kwa Chambers. Na hao wameipata kwa nani? Hapo mnyororo unakatika. Tunaambiwa wakulima, wanakijiji, wanawake wa mwethya. Ni kama mtu aseme: nimesikia kwa fulani, naye kwa fulani, naye kwa watu wa Basra. Wanazuoni wetu wangeuliza: watu gani wa Basra?

Najua jibu litakalotolewa. Wakulima ni wengi, majina yao hayawezi kuandikwa yote, na mtafiti mwaminifu huwaficha ili wasidhurike. Ni kweli. Lakini kuficha jina ni jambo moja, na kumnyima mtu daraja yake ni jambo jingine.

Tena wapo wanaopinga kutoka upande wa pili, na hoja yao ina uzito. Wanasema kuchimba hakumfanyi mtu kuwa mwalimu. Mkulima anajua shamba lake. Hajui kama jirani wa nyumba ya kumi amezama. Katika miaka ya 1990 mtafiti John Murton alichunguza sehemu za Mbooni akaona kwamba sifa za Machakos hazikuwafikia wote sawa. Wenye mishahara ya mjini ndio waliomudu kuchimba vizuri na kununua ardhi. Wasio nayo walibaki wakilima vijishamba vilivyochoka. Mwenye matuta mazuri asingelisimulia hilo, maana hakuliona, na pengine hakutaka kuliona. Alihitajika mtu wa daftari, mwenye kuhesabu nyumba hii na ile.

Nakubali. Kwa hivyo sitaki msomi aondoke katika kiti chake. Nataka kiwekwe cha pili.

WALE WALIOKAA VITI VIWILI

Si jambo lisilowezekana, maana wapo waliolifanya. Wangari Maathai alipata uzamifu wake Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, akasomesha hapo mpaka mwaka 1982. Lakini darasa lake kubwa lilikuwa lile alilolianza mwaka 1977, la wanawake wa Green Belt. Mabwana misitu wa serikali waliwaeleza wanawake hao upandaji wa miti kwa maneno ya kitaalamu mpaka wakachoka. Yeye akawaambia watumie ujuzi wao wa wanawake walimaji: mbegu okoteni, oteshe katika vyungu vilivyovunjika mkikosa kingine, mtazame inavyoota. Akawaita mabwana misitu wasio na diploma. Mwaka 2004 akapewa tuzo ya Nobel ya amani, na Chuo Kikuu cha Nairobi sasa kina taasisi yenye jina lake, inayotoa shahada za juu. Aliyetoka mlangoni amerudi akiwa jina la nyumba.

Profesa Mutiso, aliyekuwa akisomesha siasa katika chuo hicho hicho, alishiriki kuanzisha shirika la SASOL kule Kitui, ambalo tangu miaka ya 1990 limejenga na wanavijiji mamia ya mabwawa ya mchanga. Na kabla yake, upande wa Machakos, alikuwako Joshua Mukusya wa Kola, ambaye mwaka 1978 alianza na majirani zake kikundi cha Utooni.

Bwawa la mchanga ni kitu cha kustaajabisha kwa urahisi wake. Unajenga ukuta wa mawe na saruji kuukata mto mkavu, mahali penye mwamba chini. Mvua ikija, mto hubeba mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta mpaka juu. Mtu asiyejua atasema bwawa limekufa, limejaa mchanga. Kumbe maji yamo ndani, baina ya punje na punje, kiasi cha robo au theluthi ya ule ujazo wote. Jua haliyafikii, mbu hawatagi, ng'ombe hawayachafui. Unachimba kidogo au unatia bomba, na unachota katika kiangazi. Mukusya na wenzake walijenga moja, likafuata jingine, na Mwingereza Simon Maddrell, aliyekuja huko akiwa kijana katika miaka ya 1980, alipoanzisha shirika lake la Excellent Development mwaka 2002, alilijenga juu ya kazi ya Utooni. Wahandisi wenye shahada wamekuja wakapima, wakaandika, wakapata vyeo. Ni haki yao. Aliyewaonyesha ni mwamba upi unashika maji na upi unavuja, huyo amebaki kuitwa mwenyeji.

Na kanuni zetu hazimsaidii. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilitoa vigezo kwamba mhadhiri awe na uzamifu, ikawapa waliomo miaka mitano kuupata. Mabishano yalikuwa makali, na wengi walihangaika. Sikatai kwamba vyuo vilikuwa vimejaza walimu wepesi. Lakini kigezo hicho kinapima kitu kimoja tu. Mbele yake Mukusya si kitu, na yule mama wa mwethya aliyechimba mitaro miaka 30 si kitu pia, hata kama darasa zima limekaa kusoma alichokifanya.

NA KWETU JE?

Tusiishie kwa Wakamba. Kule Gazi, wilaya ya zamani ya Kwale, mikoko ilikatwa ovyo kwa boriti na kuni mpaka ufuo ukabaki uchi. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, ikiwa na Dakta James Kairo, ilianza kuipanda upya pamoja na wanakijiji katika miaka ya 1990. Mwaka 2013 Gazi na Makongeni walianzisha Mikoko Pamoja, mradi unaohifadhi ekari zipatazo 290 za mikoko na kuuza katika soko la dunia ile hewa chafu inayofyonzwa na miti. Fedha zake zimetia maji ya bomba na kununua vitabu vya skuli. Mwaka 2017 mradi ulipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Leo wanafunzi wa uzamili na uzamifu hufika Gazi kama walivyokuwa wakifika Machakos.

Wakifika, huingia tope mpaka magotini wakifuata mtu wa kijijini. Yeye ndiye anayewaambia huu ni mkoko, huu ni mchu, huu ni mkandaa, hapa mche hautashika kwa sababu mchanga unahama wakati wa kusi, rudini baada ya bamvua. Huo ni muhadhara. Chuo Kikuu cha Pwani kipo Kilifi, na chuo kikuu cha ufundi kipo Tudor. Vyote viwili vilipata hati zao mwaka 2013, mwaka ule ule wa Mikoko Pamoja. Muhula mmoja, mara moja kwa juma, mtu wa Gazi akae mbele ya darasa la uzamili, alipwe kwa kiwango cha mhadhiri na si posho ya nauli, na jina lake liandikwe katika karatasi ya mtihani pamoja na la daktari atakayekaa naye. Baada ya yeye aje fundi wa majahazi kutoka Matondoni, kisha mkulima wa Mto Tana. Mkamba wa Kola naye akialikwa, nauli ya kutoka Kyumbi si nyingi.